Mto Unaishia Wapi

Binti ami yangu alizikwa Elwak siku ya Ijumaa, nami nikafika Jumapili. Lori nililopanda kutoka Garissa lilikwama mchangani mara mbili, na mara ya pili tulilala hapo hapo. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka juu.

Nilikaa na wanawake uani mwa nyumba yake siku zote za matanga. Hawakuzungumza jingine ila jinsi alivyokuwa akijua mambo. Jirani mmoja alisema aliwahi kumuuliza kwa nini mwezi hutufuata tukitembea, naye akamjibu bila kuacha kuchuja chai. Mwingine alisema walimu wa shule ya pale walikuwa wakituma mtu nyumbani kwake kuuliza mji mkuu wa nchi fulani, maana ilikuwa haraka kuliko kutafuta kitabu. Walicheka kwa upole, kama watu wanavyocheka msibani. Mimi nilishika kikombe changu nikaona wivu. Mtu amelala chini ya ardhi, na mimi mzee wa meno machache bado ninamwonea wivu. Ndiyo sababu ninaandika haya.

Tulilelewa pamoja. Baba yake alikuwa mdogo wa baba yangu, akafa kwa homa sisi tukiwa tunajifunza kutembea, na mama yake akaolewa mbali. Baba akamchukua. Tulilala juu ya ngozi moja, tukanywa maziwa kwa zamu kutoka kibuyu kimoja, na sikumbuki siku ambayo hakuwepo. Watu wakituuliza tulisema sisi ni dada.

Baba alikuwa mchunga ngamia, lakini aliwahi kufanya kazi ya ukalimani ofisini Garissa wakati wa Waingereza. Huko alipata imani kwamba mtu asiyesoma ni kama ngamia asiye na alama, yeyote anaweza kumdai. Kwa hiyo alitupeleka shule sote wawili, wasichana, na jamaa zake wakamcheka. Tulisoma miaka minne, tukirudi kwa bibi porini kila shule ilipofungwa.

Jioni, wakati wa kukamua, Baba alikuwa na desturi ya kutuuliza maswali. Alianza na majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine hadi yule wa kwanza. Kisha visima: kipi kina maji matamu, kipi cha chumvi, kutoka hiki hadi kile ni mwendo wa siku ngapi kwa mbuzi na ngapi kwa ngamia. Juu ya visima hakuwa na mchezo. Kwetu, watu wawili wakikutana njiani hupeana habari kabla ya kitu kingine chochote, na habari ya maji haisemwi nusu. Mtu akikuuliza maji yako wapi, hata kama ni adui wa baba yako, unamwambia yalipo, yalipokuwa, na uliyaona lini kwa macho yako. Ukificha, watu watakufa, na damu ni yako. Baba alitufundisha hilo kabla hajatufundisha sala.

Mimi nilijibu vizuri. Binti ami alijibu vizuri zaidi, na Baba hakuweza kuficha furaha yake. Alimpigia ulimi mdomoni, sauti ile ile anayompigia ngamia aliyezaa. Nilingoja anipigie na mimi. Nilikuwa naijua sauti ile kuliko jina langu.

Yeye hakutosheka na ya Baba. Mwenye duka mjini alikuwa akifunga sukari na majani ya chai kwa kurasa za magazeti ya zamani, na binti ami aliziomba karatasi hizo nyumba kwa nyumba, akazinyoosha kwa kiganja, akazisoma. Kwa hiyo mambo mengi aliyajua nusu. Alijua kwamba Mhabeshi mmoja alikimbia mbio ndefu huko Roma bila viatu, lakini karatasi ilichanika kabla hajafika. Alijua kwamba Mrusi mmoja alirushwa angani akaizunguka dunia, lakini sukari ilikuwa imelowa pale alipotakiwa kushuka.

"Bado yuko juu?" alikuwa akiniuliza. "Anakula nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Abaayo, dada yangu, wewe husikitiki? Pengine ana mama."

Aliuliza wenye lori, aliuliza askari, alimuuliza sheikh. Watu walianza kumtania: kila ndege ikipita walimwita atoke nje, Mrusi wake anarudi.

Siku moja mimi nilitumwa majani ya chai, na karatasi yake ilikuwa na habari hiyo. Mrusi alitua salama siku ile ile aliyoondoka. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni. Kisha nikawashia moto. Sikuwa na sababu yoyote ya maana. Nilitaka tu kuwe na kitu kimoja ninachokijua mimi na yeye hakijui.

Shuleni nilikuwa na njia yangu. Chochote alichosema mwalimu nilikiandika, na kilichoandikwa nilikikariri. Mwalimu wetu alikuwa Mpokomo kutoka mashamba ya kando ya mto, mtu wa ndizi na mihogo, mpole sana. Siku moja alituuliza nundu ya ngamia ina nini ndani, na kabla hatujajibu akaandika ubaoni: maji.

Binti ami akainua mkono. "Mwalimu, wewe ushawahi kula nundu?"

"Sijawahi."

"Basi Iddi njoo kwetu. Maji yote utakayoyakuta humo, mimi nitayanywa."

Darasa liliangua kicheko, na mwalimu alicheka pia. "Haya, nifundishe."

"Ni mafuta, mwalimu. Sisi tunayakaangia nyama."

Akafuta ubao, akaandika mafuta. Kwenye daftari langu neno maji lilikuwa tayari limeandikwa kwa wino. Na mimi nilikuwa nimekula nundu kila Iddi ya maisha yangu. Nilijua. Lakini mwalimu aliposema maji, nilikubali maji, kwa kuwa nilidhani kusoma ni kuacha kile ulichokionja na kushika kile ulichoambiwa. Binti ami hakuona kwamba kuna vitu viwili vya kuchagua.

Sasa nieleze mafuriko, maana bila hayo mengine hayaeleweki. Kabla ya uhuru kulikuja mwaka wa mvua ambazo wazee hawakuwahi kuziona. Mto Uaso Nyiro hutoka nyanda za juu na kwa kawaida hufia kwenye kinamasi cha Lorian. Maji hutandaa kwenye matete na mchanga huyanywa. Mwaka ule Lorian ilishindwa kuyanywa. Maji yaliijaza Laga Dera, ambayo siku zote ni mkondo mkavu wa mchanga, yakaenda mashariki. Tulikuwa na bibi na mbuzi. Bibi alisema majani mabichi yatakuwa mbele ya maji, basi tukayafuata siku nyingi, tukivuka mpaka bila kuuona, maana hapakuwa na kitu cha kuona. Tulifika mahali ambapo watu walituambia maji hayo yamekwisha kufika mto Juba, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikanyaga maji yale. Binti ami alinishika mkono tulipovuka mkono mmoja wa laga, kwa kuwa mimi nilikuwa mfupi.

Kisha vikaja vita. Waliokuwa porini wakipigania nchi yetu iungane na ng'ambo ya mpaka, serikali iliwaita shifta. Sisi tuliwaita vijana, au hatukuwaita kitu, kulingana na nani anasikiliza. Katika mwaka ambao baadaye tulijua kuwa ulikuwa wa mwisho, tulikusanywa pamoja na jamaa wengine tukawekwa katika kijiji cha serikali nje ya mji, ndani ya ua wa miiba wenye lango moja. Kutoka ilikuwa kwa pasi. Mifugo ilitoka asubuhi na kurudi saa tisa, na ngamia hawezi kushiba kwa saa hizo. Ngamia wa Baba walikonda mbele ya macho yetu, wakaanza kufa, kwanza wenye kunyonyesha. Bibi alikufa humo. Tulikuwa wasichana wakubwa wa kuolewa, lakini nani angelipa mahari, na kwa mifugo gani?

Ndipo ikaja habari kwamba hospitali ya mjini inataka msichana mmoja anayejua Kisomali na Kiswahili, afunzwe kuhudumia wodi ya wanawake. Angelala huko huko, angekula huko, na angekuwa na pasi ya kudumu. Wasichana waliojua kusoma kijijini tulikuwa saba. Vyeti vyetu vilikuwa vimepotea katika kuhamahama, kwa hiyo DO, afisa wa serikali aliyesimamia kijiji, akaamua achague kwa mashindano ya maarifa. Alikuwa kijana wa kutoka bara, anayependa mambo ya kitabu, na nadhani alichoka kuhesabu watu kila siku.

Siku hizo nilisahau njaa. Sikufikiria kitu ila lango lile. Lakini nikisema nilitaka kutoka tu, nitakuwa nimedanganya. Nilitaka kutoka na yeye abaki. Nilitaka niwe mahali ambapo mtu akitaja jina langu halifuatwi na jina lake.

Tulikaa kwenye benchi chini ya paa la mabati, kijiji kizima kimesimama kuzunguka. Baba alikuwa na wazee mbele. DO alikuwa na karatasi ya maswali, na mwalimu wetu Mpokomo, ambaye naye alikuwa ameletwa kufundisha kijijini, aliandika alama.

Wachezaji wa timu moja ya mpira ni wangapi? Mapiramidi yako nchi gani? Moyo wa binadamu una vyumba vingapi? Mto Naili unaingia bahari gani? Buibui ana miguu mingapi? Mmoja mmoja wenzetu walianguka. Msichana mmoja aliulizwa mlima mrefu kuliko yote Afrika, akasema hajui milima, huku kwetu hakuna, waulize wa huko. Watu walimpigia makofi kuliko waliojibu. Mwishowe tukabaki wawili, mimi na binti ami, alama sawa.

Akanishika goti. "Yeyote atakayepata, ni nyumba moja," alininong'oneza.

Nilitikisa kichwa kukubali. Moyoni sikukubali.

DO akasoma swali la mwisho. Binti ami ajibu kwanza. "Mto Uaso Nyiro unaishia wapi?"

Nilijua kilichomo kitabuni, na nilijua anakijua. Neno moja tu, Lorian, na angekuwa amefika. Lakini swali lilikuwa habari ya maji, na wazee walikuwa wanasikiliza, na Baba alikuwa anasikiliza.

"Mwaka wa kawaida unaishia Lorian," alisema. "Mwaka wa mafuriko ulipita Lorian. Ukaingia Laga Dera ukaenda mpaka ng'ambo, ukafika Juba."

Wazee waliitikia kooni, hmm, kama mtu anapotoa habari kamili. DO aliweka kalamu chini.

"Nani alikuambia hayo?"

"Hakuna. Niliona."

"Uliona ukiwa wapi?"

"Nyuma ya maji."

"Nyuma ya maji mpaka wapi?"

Hapo alielewa. Lakini alikuwa ameshaanza, na habari ya maji haikatwi katikati. "Mpaka yalipofika," akasema.

"Kwa hiyo wewe umefika ng'ambo. Una watu huko?"

"Nilikuwa mtoto, Bwana. Nilikuwa na mbuzi."

Watu walicheka kidogo. Hakunitazama. Hakusema tulikuwa wawili. Hata wakati huo nilichukia kwamba hakunitazama, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angenitaja.

DO akanigeukia. "Ninyi ni nyumba moja, si ndiyo? Ni kweli mto huu huvuka mpaka?"

"Mto unaishia Lorian, Bwana," nikasema. "Kitabu kinasema hivyo."

"Wewe ulifuata maji hayo?"

"Mimi sikufika huko."

"Na yeye?"

"Labda yeye. Sijui."

Mwalimu aliandika alama yangu polepole. Nilimtazama Baba. Angeweza kusema. Lakini akisema mimi nilikuwepo, binti wote wawili watakuwa wamefika ng'ambo, na yeye mwenyewe atakuwa baba yao. Alitazama viatu vyake. Vilikuwa vya tairi, na kamba ya kimoja ilikuwa imekatika, akainama akaishughulikia kwa muda mrefu.

Nafasi nilipata mimi. Yeye aliitwa ofisini mchana ule, akarudi kabla ya magharibi bila kidonda. Walimuuliza majina ya watu wa ng'ambo, naye hakuwa na jina la kuwapa. Lakini jina lake lilitiwa katika orodha ya wasiopewa pasi, na pasi ya Baba ya kunywesha mifugo mtoni ilifutwa kwa sababu anaishi naye. Ngamia waliobaki walinyweshwa na jirani, kwa zamu ya mwisho, maji yakiwa matope. Nilipoondoka walikuwa wanne. Mara ya kwanza niliporuhusiwa kurudi kuwaona, hakukuwa na hata mmoja.

Siku hiyo ya kurudi nilivaa gauni la hospitali, jeupe, na nilikuwa nimenenepa. Niliogopa binti ami atanisema. Alinivuta kwenye kivuli cha ukuta, akaniketisha, na macho yake yalikuwa yanawaka.

"Haya, lete habari. Ni kweli damu ina rangi mbili? Mtoto tumboni anapumua vipi? Mifupa ya mtu ni mingapi?"

Mifupa nilikuwa nimeifundishwa wiki ile. Ni mia mbili na sita. Nilimwambia sijui, hatujafika huko.

"Ukifika usisahau," alisema. "Niwekee."

Nilikwenda zangu na mia mbili na sita yangu, na sikuifurahia. Kazi ile niliifanya mpaka nikastaafu. Nilisafisha vidonda, nilibadilisha mashuka, nilishika mikono ya wanaojifungua, na wengi walinishukuru. Lakini sikuwahi kuuliza kitu kwa sababu tu ninataka kujua. Angekuwa yeye, madaktari wangemkimbia kwa maswali.

Baba aliishi miaka kadhaa baada ya vita. Hakunilaumu hata siku moja, wala hakuniuliza tena habari ya kisima chochote. Binti ami aliolewa na mfanyabiashara wa mifugo akapelekwa Elwak, karibu kabisa na mpaka ule uliomfunga. Tulionana kwenye harusi na misiba. Hatukuzungumza juu ya siku ile. Kila mara alinipokea kwa maswali, na kila mara nilimjibu machache kuliko niliyoyajua.

Nilipopigiwa simu kwamba amefariki, kabla ya kulia nilihisi kitu kama mzigo kutuliwa. Baba hayupo, bibi hayupo, mwalimu hayupo. Hapakuwa na mtu aliyebaki anayejua. Hilo lilipita upesi nikalia, lakini lilitangulia, na sitaki kulificha.

Siku ya mwisho ya matanga, wageni walipopungua, binti yake mkubwa alikuja na birika akaketi karibu nami. Ana sauti ya mama yake.

"Habaryar," alisema, neno tunalomwitia mama mdogo, "mama alikuwa akitusimulia mlivyofuata maji wewe na yeye. Alisema ulikuwa mfupi, alikushika mkono."

Niliweka kikombe chini.

"Aliwasimulia na ya mashindano?"

"Ndiyo. Alisema ulifanya vizuri. Mmoja alishakamatika, alisema, kwa nini wakamatwe wawili? Alisema ulikuwa umeogopa, na mtu mwenye hofu hahesabiwi uongo."

Kumbe aliwalea watoto wake kwa maneno hayo. Alikuwa ameniwekea mlango kwa miaka yote hiyo, na ningeweza kupita, nikala chakula cha mwisho cha matanga, nikapanda lori nikarudi Garissa nikiwa mtu aliyeogopa. Nikamwonea wivu kwa hilo pia, kwamba hata kunisamehe alikuwa amekujua kuliko mimi ninavyojua kuomba msamaha.

"Sikuogopa," nikamwambia. "Mama yako hapo alikosea. Ulikuwa wivu. Nilitaka nafasi ile, na nilitaka yeye aikose."

Uani wanawake walikuwa wanakunja mikeka. Binti huyo alimimina chai katika kikombe changu ingawa kilikuwa kimejaa nusu, akaweka birika chini, akainuka kwenda kuwasaidia. Sikujua kama atarudi kuketi nami, na sikumwita.